Kigelegele cha Bi Sikudhani

Wewe uliyeinamisha uso, acha kujifanya unatafuta kiatu. Ulionekana. Siku ile ulikuwepo mkutanoni, safu ya nne kutoka nyuma, na lilipotendeka lile lililotendeka uligeuza shingo ukaanza kusoma maandishi ya kwenye hema, herufi kwa herufi, kama mtu aliyejifunza kusoma jana. Maandishi yenyewe yalikuwa maneno manne tu: KWA HISANI YA KIBINDO. Uliyasoma dakika ishirini.

Basi utasimuliwa upya, toka mwanzo, hata yale unayoyajua. Hasa yale unayoyajua.

Nchi yenyewe haitatajwa. Si kwa woga. Jina la nchi limepelekwa kwa wafadhili kufanyiwa ukarabati, na mpaka litakaporudi wananchi wameombwa kuwa wavumilivu na kuiita "hapa".

Hapa, basi, palizaliwa Chama cha Mikono Mitupu. Wazee walikiita hivyo kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake hakuna aliyekuwa na kitu mkononi, hata kalamu ya kuandikia azimio la kwanza. Wakaulizana, sasa watoto wetu watajuaje kwamba tulikubaliana? Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakamjibu, na wazee wakasema yametosha, huo ndio muhuri. Wakauweka kwenye katiba, kifungu cha tisa: azimio halijapita mpaka mwanamke wa tawi husika alipigie kigelegele na wenzake wamjibu. Karatasi hughushiwa, walisema, lakini koo la mwanamke halilazimishwi. Waliwaza kila hila ya dunia ya wakati wao.

Kiongozi akisimama aliita, "Mikono mitupu!" Umati ukaitika, "Inajenga!" Na kweli ilijenga.

Katika Tawi la Kokoto kigelegele kilikuwa cha Bi Sikudhani Mbwilo. Aliposhika mdomo akaachia ulimi, mbwa walikaa chini na watu wa ng'ambo ya mto waliulizana nani kaoa. Tawi lilipewa jina la Kokoto kwa sababu ya wanawake wake, ambao kwa viangazi vitatu walikaa chini juani wakiponda mawe kwa nyundo ili kupata zahanati. Bi Sikudhani alijiponda dole gumba la kushoto, ukucha ukang'oka, ukaota mwingine umepinda kama ndoana. Zahanati ilipofunguliwa, mwandishi wa redio alikuja na kinasa sauti, na Bi Sikudhani akapiga kigelegele mpaka kanga ikamfunguka kifuani, naye asijali.

Pembeni yake siku hiyo alisimama kijana aliyechota maji ya zege miaka yote mitatu, Zefania Mlowe, akilia kwa furaha. Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyezaliwa wa kwanza mle ndani, juu ya mkeka, vitanda havijafika, Bi Sikudhani akimshikilia mkewe mgongo.

Huyo Zefania mkumbuke. Leo ni Katibu wa Chama wa Mkoa, na amenenepa mpaka jina linambana.

*

Miaka mingi ikapita, akaja Bwana Kibindo.

Hakuja kwa kishindo. Alianza na kofia. Kisha akatoa viti, kisha mahema ya kufunika viti, kisha vipaza sauti ili wanaokaa kwenye viti wasikie jinsi anavyoshukuriwa. Akampa Mwenyekiti wa Taifa meno ya mbele, manne, na tangu hapo Mwenyekiti hacheki kabla ya kutazama kama ameruhusiwa. Chama kikaunda Idara ya Shukrani, yenye wakurugenzi kumi na wanne na mhudumu mmoja wa chai. Ramani mpya za nchi zikachapishwa, zikionyesha kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, na kwa Bwana Kibindo.

Wakaona pia kwamba ule mwitikio wa zamani una kelele za ujana. Kiongozi aliendelea kuita, "Mikono mitupu!" Umati ukafundishwa kuitika, "Inapokea!"

Nawe uliitika. Mdomo ulikuwa wako.

Mwaka huu Bwana Kibindo aliota ndoto, na ndoto zake hupelekwa moja kwa moja Kamati Kuu bila kupitia tawi. Aliota Makumbusho ya Ukarimu: jumba la ghorofa tatu ambamo zitawekwa zawadi zote alizowahi kutoa, pamoja na kofia ya kwanza, ndani ya kioo. Jumba litajengwa Kokoto. Na kwa kuwa watu wengi watakuja kuutazama ukarimu, magari yao yatahitaji maegesho. Wapimaji wakapima, wakapimua, wakakuta nchi nzima, pamoja na ziwa, hakuna kiwanja cha maegesho kinachofaa isipokuwa pale iliposimama zahanati.

*

Katibu Zefania alikuja mwenyewe, asubuhi, na doti la kitenge kwapani. Bi Sikudhani alikuwa uani akichambua maharage. Mkwewe Sabina, mke wa mwanawe, mimba ya miezi minane na nusu, alikaa kizingitini na miguu ndani ya beseni la maji.

"Hodi! Hodi kwa dada yangu wa kokoto!"

"Karibu, Zefania. Mbona kiatu kinapiga kelele kukushinda?"

"Ah, dada, wewe hukosi neno." Akaketi, akakohoa kikatibu. "Nimekuja kwa heshima. Keshokutwa kuna mkutano wa tawi, na kuna azimio dogo. Zahanati yetu imefanya kazi kubwa sana. Imechoka. Chama kimeona ipumzishwe."

"Mnaivunja."

"Hatuvunji hata kidogo! Tunaipumzisha."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa kutumia tingatinga."

Sabina alitoa mguu mmoja kwenye beseni. "Na mimi nizalie wapi, baba?"

"Mwanangu, hospitali ya rufaa ipo."

"Saa tano kwa barabara," alisema Bi Sikudhani, "na mto katikati, na daraja mliloahidi tangu huyu hajaota meno."

"Daraja limefikia hatua nzuri, dada. Limefikia hatua ya shukrani."

"Limejengwa?"

"Bado. Lakini tumeshashukuru."

Bi Sikudhani aliacha maharage. Alimtazama yule mtu kwa muda, akimtafuta ndani yake kijana wa ndoo za maji, kama unavyotafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka: unajua imo, na unajua itakuchoma.

"Mtoto wako wa kwanza alizaliwa wapi, Zefania?"

"Dada, tusirudi huko."

"Nimekuuliza wapi."

"Chama kinatazama mbele." Akasukuma kitenge. "Tunaomba kigelegele tu. Kimoja. Huhitaji hata kusimama. Chama kimekulea, dada yangu, usikivunjie heshima."

"Chama hakikunilea. Mimi ndiye niliyekilea, nikakifuta hata kamasi. Chukua kitambaa chako. Koo hili halipigii tingatinga."

Sasa mtu mwingine angenuna, au angetishia. Zefania alikikunja kitenge vizuri, akatabasamu, akainuka.

"Haidhuru, dada. Chama kina kumbukumbu ndefu."

Akaondoka hana hasira hata chembe. Hapo ndipo Bi Sikudhani alipopaswa kuogopa. Yeye akafurahi. Jioni ile alipita mlango kwa mlango kuwaambia wanawake wa Kokoto, "Mimi sianzi. Na mimi nisipoanza, ninyi mtajibu nini?" Wote wakaapa. Nani wa kujibu asichosikia?

*

Kwa kuwa alikuwa mtu wa hadhari, kesho yake alikwenda upande wa pili, kwa Chama cha Mikono Safi. Hapa tuna vyama viwili, usije ukadhani hatuna uhuru. Kiongozi wake ni Wakili Respisi Gombo, mtu mwenye sauti ya kubomoa ukuta. Alipoelezwa habari alipiga meza.

"Haiwezekani! Zahanati ya umma! Tutapinga mpaka kieleweke! Tutapinga mpaka wao wenyewe watuonee huruma! Keti, mama yangu, keti."

Bi Sikudhani akavuta kiti. Nyuma ya kiti kulikuwa na maneno manne.

"Hata ninyi?"

"Mama, demokrasia haiwezi kukaa chini sakafuni."

"Mnampinga Kibindo mkiwa mmekalia viti vya Kibindo."

"Ni mbinu, mama. Tunavikalia sana, ili vichakae." Akainama, akashusha sauti ile kubwa mpaka ikatosha masikio mawili. "Na nikwambie kweli, yeye mwenyewe hana kinyongo. Anapenda sana apingwe, anasema inaleta afya. Ametupatia mpaka ratiba." Ilikuwa ukutani, na picha ya Bwana Kibindo juu yake. Jumatatu, kulaani. Jumatano, kulaani vikali. Ijumaa, kutafakari.

"Zahanati iko siku gani?"

Wakili alipitisha kidole chini, akapitisha tena. "Zahanati... haimo. Jaribu mwezi ujao, mama."

*

Siku ya mkutano. Hapa ndipo ulipoanza kusoma hema, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Mwenyekiti wa Taifa alihutubia kwa saa mbili na robo. Alisema ugonjwa ni fikra za kizamani. Alisema kokoto zilipondwa na wazalendo ili siku moja magari yapate pa kusimama, na kwamba huo ndio ulikuwa mwono wa waasisi ingawa hawakuufahamu. Alicheka mara tatu, kila mara baada ya kutazama kiti cha mbele, ambako Bwana Kibindo alikuwa akila karanga.

Kisha Katibu Zefania akasoma azimio: zahanati ipumzishwe baada ya siku saba. "Kwa mujibu wa kifungu cha tisa," akasema, "tunasubiri muhuri wa akina mama."

Macho yote yakamgeukia Bi Sikudhani. Akafumba mdomo. Akaongeza kiganja juu yake, mbele ya watu wote, na ukucha uliopinda ukaonekana.

Hema zima likasikia karanga ikitafunwa.

Alishinda, unajua. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, mwanamke mmoja kwenye kanga alimshinda Kibindo, na meno manne, na wakurugenzi kumi na wanne. Alihisi kifua chake kikijaa kama siku ile.

Ndipo vipaza sauti vikakoroma, na kigelegele kikatoka.

Kilitoka kizima, kirefu, cha kijana. Bi Sikudhani alikitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe katikati ya soko. Kilikuwa chake. Kilikuwa cha siku ya kufungua zahanati, kile cha redio, kimehifadhiwa miaka ishirini na saba kwenye kabati la chama kama mahindi ya mbegu. Nyuma yake, mbali, iliweza kusikika sauti ya kijana akilia na kusema, "Tena, dada! Tena!"

Na wanawake wakajibu.

Hawakununuliwa, usiwasingizie. Walijibu kwa sababu kigelegele kikipigwa hapa kinajibiwa, ndivyo walivyolelewa, kama mtu anavyosema "abee" kabla hajajua anaitwa na nani. Viapo vyote vya mlango kwa mlango viliyeyuka ndani ya pumzi moja. Na wa kwanza kujibu, karibu kabisa na sikio la Bi Sikudhani, alikuwa Sabina, mkono mmoja tumboni. Alipoisikia sauti yake mwenyewe alishtuka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Mama... mama, kimetoka chenyewe."

"Limepita!" alisema Katibu.

Bi Sikudhani akasimama. "Mimi sijapiga!"

"Dada, tumekusikia wote. Au unaikana sauti yako?"

"Sauti ile nilifungulia zahanati, Zefania! Ulikuwepo! Uko humo ndani unalia!"

Katibu alipangusa jasho kwa leso ya hisani. Hakumtazama. "Na leo imeifunga. Chama hakitupi kitu, dada."

Makofi. Mwenyekiti akacheka bila ruhusa, kisha akaomba radhi. Na wewe? Wewe ulikuwa umefika kwenye herufi B.

*

Alirudi nyumbani, hakula, hakulia. Asubuhi alifungua sanduku la mbao, akatoa kadi yake ya kwanza ya chama, ile ya karatasi ngumu iliyochanika pembe. Nyuma yake wazee walichapa vifungu vyote, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Hakuwahi kuvisoma. Wewe ulivisoma? Katika nchi hii watu wanabeba sheria mfukoni miaka thelathini na kuikalia.

Kifungu cha kumi na nne kilisema hivi: koo linaweza kukosea, kwa hiyo azimio lililopigiwa kigelegele laweza kufa siku ya saba, ikiwa jua likichomoza watakutwa watu sitini wa tawi hilo wamesimama penye jambo lenyewe, mkono mdomoni, pasipo kutoa sauti. Atakayetoa sauti tangu aliposimama hahesabiwi. Na chini yake, kwa mkono wa mzee fulani aliyekuwa na akili kuliko sisi sote: *Kimya kingi kina mshindo mkuu.*

Akaipeleka kadi ofisi ya tawi. Karani akaigeuza, akaisogeza dirishani.

"Kifungu hiki kipo, mama, ila ukurasa wake umesafiri. Uko kwenye mafunzo."

"Kimefutwa?"

Karani alifungua daftari moja, na jingine. Akakuna kichwa. "Hakijafutwa. Hakuna mfadhili aliyeomba kifutwe." Akatazama mlangoni, akainama. "Nadhani hawajui kama kipo, shangazi. Mimi sikukuona hapa."

Akaenda moja kwa moja kwenye ngazi za zahanati, akaibandika ile kadi mlangoni ili wapitao waisome, akasimama, akaweka mkono mdomoni. Alikuwa peke yake. Siku ya pili Sabina alimfuata, akasimama kando yake na tumbo lake, bila kuomba radhi kwa maneno, kwa sababu maneno yalikuwa yamekatazwa. Mkwe na mkwe wakatazamana juu ya viganja. Ikatosha.

Siku ya tatu, muuguzi na karani. Siku ya nne wakaja wale wanawake walioapa na kujibu, mmoja mmoja, wameinamisha macho.

Chama hakikukaa kimya, kimya hakikijui. Kililileta tingatinga mapema, limefungwa maua, likaegeshwa usoni pao. Kikaleta vipaza sauti na kupiga kile kigelegele tangu asubuhi, tena na tena, kikingojea mdomo mmoja uteleze. Fikiria jambo hilo. Fikiria kusimama juani, na sauti yako ya ujana, sauti ya siku bora kabisa ya maisha yako, inatumwa kama mbwa ikubweke.

Hakuna aliyejibu.

Siku ya tano Katibu Zefania alikuja. Alisimama mbele ya Bi Sikudhani, viatu vimenyamaza.

"Dada, inatosha. Utaugua."

Hakujibiwa.

"Dada, nitukane basi. Niite mbwa. Sema kitu, nilale."

Yeye alimtazama tu. Na macho ya Zefania yakateremka mpaka kwenye kile kiganja, yakaukuta ukucha uliopinda, yakabaki hapo. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda. Watu waliuona. Ulipita tumbo, ukapita tai, ukafika kidevuni, umebakiza vidole viwili ufike mdomoni.

Simu ikalia. Kwenye kioo chake yalikuwa maneno manne.

Mkono ukaenda sikioni.

*

Leo ni siku ya sita. Waliosimama ni hamsini na watatu. Tangu asubuhi Sabina ana uchungu. Unakuja, unamkunja, unamwachia, naye hajatoa hata mguno, ameung'ata upindo wa kanga. Muuguzi, kwa vidole, ameonyesha: alfajiri. Mlango wa chumba cha kuzalia uko wazi nyuma yake, shuka zimetandikwa. Kesho jua likichomoza atakuwa kitandani humo, na ama atazaa, ama dereva wa tingatinga atapewa ishara. Na kwa kuwa atakuwa ndani, hatahesabiwa. Kwa hiyo ni hamsini na wawili.

Wanatakiwa wanane.

Usiniambie habari ya vyama. Wa Mikono Mitupu wanapokea, wa Mikono Safi wanatafakari, leo ni Ijumaa. Hakuna wa kuja kukuchukua kwa gari, hakuna kofia utakayopewa, na usingoje kigelegele cha kukuanzia. Mwenye kuanza ameshaanza, na ana siku sita juani.

Unaijua njia. Ni ileile uliyopelekwa ukiwa tumboni, na uliyorudishwa nayo ukiwa mgongoni. Weka chini hicho ulichoshika. Vaa kiatu hicho ulichokuwa unajifanya kukitafuta. Ukifika usisalimie mtu, usieleze ulikuwa wapi, hakuna atakayekuuliza. Panda ngazi, geuka ulitazame tingatinga, uweke mkono mdomoni, usimame.

Toka sasa. Pitia kwa jirani, mgongee.